Ndoa Ikivunjika, Shamba la Kakao ni la Nani?

Kila mtu wa Kyela aijua kazi ya kakao. Ni kuchimba mashimo, kupanda miche, kupalilia, kuvuna, kupasua maganda, kuvundika na kuanika mbegu. Katika nyumba nyingi mume na mke huifanya kazi hiyo pamoja. Lakini wako akina mama ambao ndoa ikivunjika hurudi kwa baba zao mikono mitupu. Wazee huulizana habari za ng'ombe wa mahari tu, maana desturi ya zamani ya Wanyakyusa ilitaka warudishwe. Wakiisha kurudishwa, watu hudhani shauri limekwisha. La, sivyo.

Yafaa kila nyumba ijue Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasemaje.

Kwanza, usikimbilie mahakamani. Nenda kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la kata yako. Kazi yake ni kuwapatanisha. Likishindwa, litakupa hati. Itunze vizuri, kwa maana mahakama hudai hati ambayo haijapita miezi sita. Kisha waweza kufungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo.

Pili, habari za mali. Mume aweza kusema, "Shamba hili nilipewa na baba yangu." Huenda ni kweli. Lakini kifungu cha 114 chasema kwamba mali ya mmoja iliyokuwapo kabla ya ndoa nayo huhesabiwa, ikiwa imeendelezwa sana na mwenzake, au na wote wawili, wakati wa ndoa. Basi kama shamba lilikuwa pori, nanyi mkalipanda kakao, jasho la mama limo humo. Na yule aliyebaki nyumbani akipika na kulea? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hii haina maana kwamba kila kitu kitakatwa nusu kwa nusu. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja, madeni ya nyumba na mahitaji ya watoto. Kwa hiyo tunza karatasi za mauzo, na uwakumbuke majirani waliokuona ukifanya kazi.

Tatu, watoto. Wengi husema, "Ng'ombe zilitolewa, watoto ni wa baba." Mahakama haiishii hapo; hutazama kwanza faida ya mtoto. Aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa yafaa akae na mama yake, isipokuwa iwepo sababu ya kukataa. Na baba, hata kama watoto hawako kwake, bado ana wajibu wa kuwalisha, kuwavika na kuwasomesha.

Mkristo atauliza, "Je, si dhambi kwenda kudai talaka?" Kanisa lafundisha kwamba hukumu ya serikali haivunji kifungo cha Ndoa Takatifu. Hata hivyo Katekisimu, namba 2383, yasema kwamba talaka ya serikali yaweza kuvumiliwa, wala si kosa, ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi.

Basi, akina baba, msimwache mwenzenu aondoke na kanga zake tu. Nanyi akina mama, msiondoke kimya. Mti mlioupanda wawili haukuzaa kwa jasho la mmoja.