Koti Linalowaka Taa Mgongoni

Mpanda baiskeli wa usiku ana taabu yake. Anyoshapo mkono kuonyesha kwamba anataka kukata kona, dereva aliye nyuma hauoni mkono huo mpaka amekwisha mkaribia mno. Kwa ajili hiyo Bibi Leah Buechley wa Marekani alibuni koti lenye taa mgongoni, na swichi mikononi. Mvaaji akibonyeza ya kushoto, taa za kushoto humetameta mfano wa indiketa ya motokaa.

Ajabu ya koti hilo ni kwamba umeme wake haupiti katika waya, bali katika uzi uliopakwa madini ya fedha, unaoshonwa kwa sindano. Bibi huyo ndiye aliyebuni pia LilyPad, kompyuta ndogo ya mviringo mithili ya ua, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007. Pembeni ina matundu, nayo hushonewa nguoni kama kifungo.

Nguo za taa si jambo geni. Mwaka 1956 Bibi Atsuko Tanaka wa Japani alivaa vazi la globu za rangi na nyaya tele. Lakini lilikuwa la maonyesho, si la kwendea sokoni.

Mshonaji atakaye kujaribu na aanze na taa moja ndogo ya LED na betri bapa ya volti 3. Taa hiyo ina upande wa chanya na wa hasi, ukigeuzwa, haiwaki. Mishono miwili isigusane hata kidogo, maana hapo ni shoti, na betri itakwisha bure. Uzi huu hufumuka nyuzinyuzi, kwa hiyo kila fundo lipakwe rangi ya kucha. Katika kazi hii mshonaji hodari humshinda fundi wa redio! Wakati wa kufua, betri itolewe kwanza, nguo ifuliwe kwa mkono taratibu, na ikauke kabisa kabla ya kuwashwa tena.

Wenye watoto wachanga nyumbani wasiiache betri hiyo ovyo mezani. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, huweza kumwunguza vibaya kwa muda wa saa 2 tu, hata kama ni kuukuu. Apelekwe hospitali papo hapo, pasipo kungojea alie. Kikasha cha betri katika nguo ya mtoto kifungwe kwa skrubu.