Viraka vya nguo za shamba vyafika makumbusho, washonaji wapata nini?

MWAKA 1942 mkulima mmoja wa pamba katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, Nathaniel Pettway, alifariki dunia. Mjane wake, Missouri Pettway, alikusanya nguo alizoacha marehemu: suruali za jinzi zilizopauka kwa jua na mashati ya kufanyia kazi. Akamwita binti yake, Arlonzia, wakazikata vipande na kuviunga kuwa blanketi. Binti huyo alisimulia baadaye kwamba mama alitaka kitu cha kumkumbuka mumewe na cha kujifunika usiku.

Blanketi hilo halikushonwa kwa ajili ya soko. Hata hivyo, leo limo katika hazina ya makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Washington, na goti lililochakaa la suruali ya mkulima linatazamwa na watu waliosafiri mbali kuliona.

Kijiji walikoishi kinaitwa Gee's Bend, na jina lake jingine ni Boykin. Kimekaa ndani ya kona ya Mto Alabama, maji yamekizunguka pande tatu. Wakazi wake ni wachache, wengi ni wajukuu wa watumwa wa shamba moja kubwa la pamba, na wengi bado wanatumia jina la ukoo la mwenye shamba, Pettway, ingawa si wote walio ndugu wa damu.

Msomaji anayelima pamba hatashangazwa na historia yao. Baada ya utumwa walibaki palepale kama wakulima wa kugawana mavuno, wakikopa mbegu, chakula na zana kwa mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto na kulipa wakati wa mavuno. Bei ya pamba iliposhuka, deni lilipanda. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akadai alipwe mara moja. Watu wake waliingia kijijini wakachukua nyumbu, ng'ombe, kuku, majembe, mikokoteni na hata mahindi ya akiba. Familia zaidi ya 60 ziliachwa mikono mitupu wakati baridi inakaribia, na chakula cha msaada wa Msalaba Mwekundu ndicho kilichowavusha.

Kwa watu wa namna hiyo blanketi halikuwa pambo. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, upepo ukipita, na watoto walilala wengi kitanda kimoja. Mama alihitaji mablanketi mengi, na dukani hakuwa na uwezo wa kununua hata moja.

Kazi yenyewe ilifuata shamba. Mchana mama alikuwa kwenye jembe na jioni, watoto wakishalala, aliunga viraka kwa mwanga wa taa. Kila mwanamke aliunga upande wake wa juu peke yake, kwa mpangilio anaoutaka, na wengine hawakutumia kielelezo chochote. Upo mpangilio maarufu unaoitwa paa la nyumba, ambapo mraba mmoja wa katikati huzungushiwa vipande virefu mpaka blanketi lienee kitanda. Kitambaa kilitoka katika nguo kuukuu na magunia ya unga, sukari na mbolea.

Katikati iliwekwa pamba. Wanawake wa Gee's Bend waliokota mabaki yaliyobaki shambani au kwenye sakafu ya kiwanda cha kuchambulia, wakayapiga kwa fimbo mpaka yakalainika. Upande wa juu, pamba na kitambaa cha chini vilitandazwa kwenye fremu ya mbao, na hapo ndipo majirani walipokuja. Wanne au zaidi walikaa kuzunguka fremu, wakashona matabaka matatu yashikane, huku wakiimba nyimbo za kanisani na kuulizana habari. Wakimaliza la huyu, wanahamia la yule. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Bibi arusi alipewa blanketi, mtoto mchanga alipewa, na aliyeunguliwa na nyumba alipewa. Blanketi lililochakaa kabisa lilichomwa uani, maana moshi wa pamba hufukuza mbu.

Biashara iliingia kwa mlango wa siasa. Mwaka 1965 Martin Luther King alifika kijijini, na wengi walijitokeza kudai haki ya kupiga kura. Baadhi walifukuzwa kwenye mashamba ya wenyewe kwa sababu hiyo. Mwishoni mwa mwaka huo kasisi mmoja, Francis X. Walter, alipita maeneo hayo akaona mablanketi yameanikwa kwenye kamba. Alianza kuyanunua kwa dola 10 kila moja, fedha ambayo kwa mama aliyezoea kuuza kwa nusu ya hapo, kama aliuza kabisa, ilikuwa nyingi. Yalipelekwa kunadiwa New York.

Machi 1966 wanawake wakaunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, chini ya uongozi wa Estelle Witherspoon. Ni hapa ambapo habari hii inawahusu zaidi wanaofikiria kuanzisha chama cha akina mama. Ushirika ulipata wateja wakubwa, maduka ya New York yakiwemo. Mwaka 1969 ulikuwa tayari umenunua ekari 23, ukajenga jengo la kushonea, na sehemu ya ardhi hiyo ukaziuzia familia zilizofukuzwa mashambani. Faida ya sindano ikawa kiwanja cha kujenga nyumba, na si miradi mingi ya ufadhili inayoweza kusema hivyo.

Lakini soko nalo lilikuwa na masharti yake. Duka linaloagiza mablanketi mia linataka yote yafanane: rangi hizi, vipimo hivi, mishono midogo iliyonyooka. Mama aliyezoea kuamua mwenyewe kiraka kiende wapi alipewa mchoro wa kufuata. Wapo waliojaribu wakashindwa kuvumilia, wakarudi kushona ya nyumbani. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliagiza foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari, na kazi hiyo iliwapa wengi mshahara wao wa kwanza nje ya shamba. Foronya hizo hazikumbukwi na mtu leo. Masalia ya kodrai waliyobeba wanawake kwenda nyumbani yakashonwa mablanketi ya familia, ya rangi ya dhahabu, kijani na nyekundu, na baadhi yake ndiyo yanayosifiwa sasa na wajuzi wa sanaa.

Ushirika ulififia taratibu, oda zikapungua, waanzilishi wakazeeka, na mwaka 2012 ulifungwa.

Wakati huo upepo mwingine ulikuwa umekwisha kuvuma. Mwaka 1998 mkusanyaji wa sanaa, William Arnett, aliona kitabuni picha ya blanketi la Annie Mae Young likiwa juu ya rundo la kuni. Akaenda kumtafuta. Bibi huyo wiki moja tu kabla alikuwa amechoma mablanketi yake kadhaa kufukuza mbu, na kwa dakika kadhaa alidhani hilo nalo limeteketea. Lilipatikana, na Arnett akamwandikia hundi ya maelfu machache ya dola kwa blanketi hilo na mengine. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa Houston, kisha makumbusho ya Whitney, New York, na magazeti yakayaweka sawa na kazi za wachoraji wakubwa. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake.

Umaarufu ukaja, na maswali yakaja nao. Mwaka 2007 wanawake watatu walifungua kesi wakidai hawakupata mgawo wa haki kutokana na michoro yao kutumiwa kwenye bidhaa nyingine. Kesi zilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2008, na masharti hayakutangazwa. Mwaka 2024 duka kubwa la Target liliuza nguo na vyombo vyenye michoro ya washonaji watano wa kijiji hicho. Kwa mujibu wa shirika la habari la AP, walilipwa kiasi maalumu mara moja, bila asilimia ya mauzo. Bidhaa iuzwe mia au laki, mshonaji alikwisha kupokea chake. Kwa aliyezoea kukopa mbegu, hundi ya mkupuo si kitu cha kudharau, lakini mkataba wa namna hiyo unastahili kusomwa mara mbili kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Njia nyingine ilifunguliwa mwaka 2021, pale washonaji kadhaa walipoanza kuuza wenyewe kupitia intaneti kwenye soko la Etsy. Hapo mama anapanga bei, anapiga picha blanketi lake, na mnunuzi anajua jina la aliyelishona. Blanketi kubwa huweza kufikia maelfu ya dola. Bei hiyo huwashtua wageni, mpaka mtu akumbuke jioni ngapi zimeingia ndani yake.

Na tangu mwaka 2022 kijiji hufanya sikukuu kila Oktoba, wakifufua desturi ya zamani ya kuanika mablanketi nje yapate hewa. Yanatundikwa kwenye kamba, uani na kwenye uzio, ya kuuza na yasiyouzwa. Wanunuzi wengine huvuka mto kwa kivuko kutoka Camden, makao makuu ya wilaya. Kivuko hicho kiliondolewa mwaka 1962, wakazi wa Gee's Bend walipoanza kuvuka kwenda kujiandikisha kupiga kura, na kwa miaka 44 walilazimika kuzunguka kwa barabara mwendo wa karibu saa nzima kufika mji wanaouona ng'ambo. Kilirudishwa mwaka 2006, mwaka uleule wa stempu.