Viungani Wakati wa Kafyu

Nairobi ni mji unaowalaza wafanyakazi wake wengi nje ya mipaka yake. Asiyeweza kulipa kodi ya karibu na kazini, na hao ndio wengi, huhamia viungani, Ruiru au Kitengela, Ngong au Ongata Rongai, akawa anaondoka kabla ya mapambazuko na kurejea watoto wamekwisha kulala, hata nyumba yake mwenyewe akaijua kwa taa zaidi kuliko kwa jua. Kwa hiyo maradhi ya korona yalipobainika nchini Kenya katikati ya Machi 2020, na serikali ikaanza kutoa amri moja juu ya nyingine, amri hizo, ijapokuwa zilikuwa na sababu zake wala sizibezi, zilimwelemea mtu wa kiungani kwa namna ambayo mtu wa mjini hakuihisi, kwani kiunga huishi kwa barabara yake.

Tuichukue Ongata Rongai, ambayo kila mkazi wa Nairobi anaijua kwa sifa, kama si kwa kuifikia. Imo katika kaunti ya Kajiado, ng'ambo ya mto Mbagathi, yapata kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, na wengi huifikia kwa njia moja tu, Barabara ya Magadi. Umbali huo si mkubwa, lakini foleni za magari zimeurefusha hata wenyeji, kwa mzaha, wakaupa mji wao jina la Daiaspora, na matatu zake zikajipamba kwa michoro na muziki wa kishindo, labda kwa kumliwaza abiria ambaye zitakaa naye muda mrefu.

Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu: tangu saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja ya alfajiri asionekane mtu nje, ila wenye kazi za lazima. Kwa anayekaa mtaa wa pili na ofisi yake, saa moja ni saa moja. Kwa mtu wa Rongai saa moja ilianza alasiri, maana matatu ya abiria 14 ilikuwa imeamriwa isipakie zaidi ya 8, na makondakta, ambao mwenye gari bado aliwadai hesabu yake ya jioni, wakawatwika nauli ya viti vitupu wale waliobahatika kukaa. Waajiri wenye insafu waliwafungulia watu mapema. Wasio nayo wakawaacha washindane na saa, na aliyekutwa njiani muda umepita, hana hatia ila foleni, akakabiliana na rungu la askari.

Hata hivyo, waliopata hasara kubwa zaidi ni wale waliokuwa wakimngojea abiria huyo stejini. Soko la kiunga hufunguka jua linapotua. Mchana mama mboga haoni mnunuzi; hukaa akikata sukumawiki nyembamba kama nyuzi na kuigawa mafungu, akijua kwamba mteja wake atashuka kwenye gari amechoka, hana nguvu za kushika kisu. Kando yake muuza mutura huugeuza utumbo uliojazwa nyama juu ya makaa, hukata vipande juu ya ubao, na kachumbari na chumvi vimewekwa pembeni kwa atakaye. Biashara yao yote i kati ya magharibi na saa tatu za usiku, na kafyu ikawanyang'anya saa hizo karibu zote, ikawaachia za mchana ambazo hazina faida kwao. Mwezi wa Juni mwanzo wa kafyu ulipopelekwa mbele hadi saa tatu usiku, wasafiri walishukuru. Mama mboga alirudishiwa duka lake.

Baina ya hayo, tarehe 6 Aprili, lilikuja agizo zito zaidi, kwamba mtu asiingie wala asitoke Nairobi na viunga vyake. Mpaka ulifuata mkondo wa watu waendao kazini kuliko mipaka ya kaunti, hata Ngong, Kiserian, Rongai na Kitengela, zilizomo Kajiado, zikahesabiwa pamoja na jiji. Wenyeji waliozoea kuchekwa kwamba wanakaa nchi za mbali wakajikuta, kwa amri ya Rais, ni watu wa mjini, heshima ambayo wangaliikataa laiti wangaliulizwa. Kwani wengi wao wana nyumba mbili, ya kupanga na ya kwao, na ile ya kwao iko Murang'a au Vihiga au Kitui, aliko mama na yaliko makaburi. Waliowahi kuwapeleka watoto mashambani hawakuonana nao hadi tarehe 7 Julai, njia zilipofunguliwa. Aliyefiwa alihitaji kibali ili asafiri, na kwa kuwa mazishini palitakiwa watu wachache mno, wengine walizika kwa simu: mtu amekaa ukingoni mwa kitanda Rongai, na binamu kijijini ameinua simu juu ya vichwa ili naye aone udongo ukitiwa. Michango ilipitia M-Pesa, ambayo ada yake kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 ilikuwa imefutwa tangu Machi, nami sioni amri nyingine ya wakati ule iliyowafikia wengi kwa upole kuliko hiyo.

Vyumba vya kupanga vya viungani, aghalabu kimoja chenye jiko na choo humo humo, vimejengwa kwa ajili ya kulala, na sasa vilitakiwa viwe darasa pia, maana shule zilikuwa zimefungwa, na wanafunzi walio wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Amri ya kunawa mikono nayo, nyepesi kuitamka, Rongai ilikuwa na gharama, kwa kuwa maji ya bomba ni adimu na wengi huyanunua kwa mtungi wa lita 20. Kila mlango wa duka uliwekwa ndoo yenye bomba na chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko, imejaa sabuni iliyozimuliwa hata haitoi povu. Na mama fua, ambaye kazi yake yote ni maji na sabuni, ndiye aliyezuiwa langoni kwa hofu kwamba ataingiza maradhi. Jambo hili silielewi hata leo.

Waliopunguziwa mishahara au kuachishwa kazi, hata wenye magari, walifungua buti kando ya barabara, wakauza mayai na maparachichi hatua chache kutoka kwa mama mboga. Fedha iliyokuwa ikifika kila jioni kutoka mjini ilipungua, wauzaji wakaongezeka, na kiunga kikawa kinajiuzia chenyewe.

Machi 2021 njia zilifungwa tena, mara hii kaunti tano, na kafyu ikaanza saa mbili usiku. Jumamosi moja ya Aprili, saa hiyo ilipogonga, polisi waliiziba Barabara ya Thika, inayokwenda viunga vya kaskazini, magari yakakwama kwa saa nyingi, ambulensi miongoni mwao. Wengi waliokuwamo hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakiitii kafyu kwa kadiri barabara ilivyowaruhusu. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka huo, Siku ya Mashujaa, na makaa ya mutura yakawa huru kuwaka hadi usiku wa manane.