Sakafu Mpya Juu ya Sakafu ya Zamani: Yaliyofichika Chini ya Vinili

Vinili, ambayo majumbani wengi huiita zulia la plastiki, ni njia ya haraka ya kufufua chumba chenye sakafu iliyochakaa. Hufutika kwa urahisi, na huweza kutandazwa juu ya saruji au vigae vya zamani bila kuvunja chochote. Njia hii inafaa, lakini kidonda kisichosafishwa hakiponi kwa kufungwa bendeji safi. Vivyo hivyo, sakafu mpya hurithi maradhi ya sakafu iliyo chini yake.

Ugonjwa wa kwanza ni unyevu. Saruji iliyomwagwa juu ya ardhi bila tabaka la nailoni la kuzuia maji hufyonza unyevu kutoka chini. Ikiwa wazi, unyevu huo hupotelea hewani. Ikifunikwa kwa vinili, unyevu hunaswa, gundi hulegea na kuvu huota. Vijimbegu vya kuvu vikivutwa puani huweza kuchochea mzio na kuamsha pumu. Kipimo chake ni rahisi: bandika sakafuni kipande cha nailoni angavu chenye takriban sentimita 45 kila upande, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kisha kiache kwa saa 24. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekoza rangi, usitandaze vinili mpaka chanzo cha maji kitibiwe. Sakafu iliyoonekana kavu wakati wa kiangazi ipimwe tena wakati wa masika.

Ugonjwa wa pili ni kutokuwa sawa. Vinili ni nyembamba. Kila shimo, ufa na mfereji kati ya vigae hatimaye hujitokeza juu yake. Mashimo yajazwe, vigae vilivyolegea vibandikwe upya, nta na mafuta viondolewe. Vinili ya zamani yenye sponji chini isifunikwe, bali iondolewe, kwa kuwa hubonyea. Kingo na maungio yabandikwe imara, na tofauti ya kimo mlangoni isawazishwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na vifo vingi zaidi huwapata waliozidi umri wa miaka 60. Kwa bibi mwenye mifupa dhaifu, ukingo mmoja uliojikunja watosha kumvunja shingo ya mfupa wa paja.

Hatari ya tatu haionekani kwa macho. Katika majengo ya zamani, baadhi ya vigae vya vinili, pamoja na gundi nyeusi iliyovishika, vilitengenezwa kwa kuchanganywa na asbesto hadi miaka ya 1980. Nyuzi za asbesto zikivutwa hadi mapafuni huweza kusababisha kovu la mapafu na saratani, ikiwamo ya utando unaoyazunguka. Mara nyingi saratani hiyo hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40 au zaidi. Kigae kizima kilichoshikamana vizuri hakitoi nyuzi kwa urahisi. Hatari huanza kinapopigwa msasa, kuvunjwa au kukwanguliwa kikiwa kikavu. Hapo kufunika ni salama kuliko kubomoa. Kigae kinachotiliwa shaka kisiguswe mpaka wataalamu wakichunguze.

Wodini masharti huongezeka. Maungio ya vinili yaunganishwe kwa joto ili damu na maji ya kudekia yasipenye, na kingo zipandishwe ukutani kiasi cha sentimita 10 ili kona zisihifadhi uchafu. Wakati wa kubandika, wagonjwa wahamishwe na madirisha yafunguliwe, maana mvuke wa baadhi ya gundi huwasha macho na njia ya hewa.

Mhudumu wa afya naye ana nafasi yake. Mgonjwa anapokuja mara kwa mara na pumu isiyotulia licha ya kutumia dawa ipasavyo, au mzee anapoletwa kwa kuanguka mara ya pili, maswali yetu yasiishie kwenye dawa na vumbi. Tumuulize pia analala chumba chenye sakafu ya namna gani, kama kuna harufu ya uvundo, na kama zulia limeinuka pembeni. Naye mgonjwa asisubiri kuulizwa. Akiona dalili hizo nyumbani, amweleze mhudumu wake.