Sisi Watu wa Mkunguni

Ijumaa moja ya Januari, baada ya zamu ya usiku, nilikwenda kutembea Al Fahidi, mtaa wa kale hapa Dubai wenye nyumba za minara ya upepo. Niliingia nyumba moja iliyo wazi kwa wageni, nikainua macho darini, nikaona boriti. Miti ya mikoko imepangwa sambamba, vilevile kama kwetu Lamu.

Huku Ghuba miti ya kujengea ilikuwa adimu. Majahazi yalikuja Afrika Mashariki na kaskazi, yakapakia boriti Lamu na Rufiji, yakarudi na kusi. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, za huku na za kwetu, ni vyembamba, kama mita 3 hivi.

Nilipiga picha nikamtumia mama mkubwa, aliyebaki Lamu.

Wasomaji wapendwa, mimi nimekulia Mombasa nikiambiwa jambo moja kuhusu asili yetu: sisi ni watu wa Mkunguni. Anayeijua Lamu anakijua kiwanja hicho, mbele ya ngome, hatua chache kutoka baharini. Jina limetokana na mti wa mkungu. Ngome ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821, na kwa miaka mingi ilikuwa jela, hadi 1984. Kiwanjani wazee hupunga upepo na kupeana habari. Nyumbani kwetu, kutaja Mkunguni kulikuwa na maana ya nyumba ya mawe, mlango wa nakshi na heshima. Kaka yangu aliye Kanada alikuwa ameshaandika hivyo kwenye shajara ya ukoo aliyokuwa akiwatayarishia wanawe.

Mama mkubwa akajibu kwa sauti kwenye WhatsApp. "Mwanangu, boriti nimeziona. Hiyo ndiyo kazi ya babu yako. Nyumba ya Mkunguni hatukuwa nayo. Babu yako alikuwa mkata mikoko, na pale kiwanjani alikuwa akikaa kungoja ujira wake. Mama yako asijue kuwa nimekwambia."

Nilisikiliza mara tatu. Kazini kila siku nawauliza wagonjwa habari za ukoo: nani alikuwa na sukari, nani alikuwa na presha. Najua mtu akificha, tiba inaweza kukosea. Lakini huyu alikuwa mama yangu, na siri ilikuwa yake. Niseme, nimwaibishe? Ninyamaze, watoto wa kaka warithi uongo?

Nilimwomba mama mkubwa ruhusa kwanza. Alikaa siku mbili, kisha akasema, "Mpigie. Sisi tumeshazeeka."

Nilipompigia mama alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia kwamba alipoolewa Mombasa, wakwe walimuuliza, "Ninyi wa mtaa gani?" Akajibu Mkunguni, kwa kuwa ndiko baba yake alikokaa kila jioni. Wao wakaelewa nyumba. Yeye hakuwasahihisha.

Baada ya hapo maneno yalimtoka. Babu alikuwa akiingia mikokoni kwa wiki mbili, kwenye tope na mbu. Alirudi na mikono iliyoiva wekundu kwa maji ya magome, na haukutoka kwa sabuni. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani 20, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha mikoko nje, babu alikaa Mkunguni mchana kutwa, hana la kungoja.

Boriti nilizoziona Al Fahidi si za babu, nyumba zile zina umri kumshinda. Lakini kazi ni ileile.

Kaka mwanzoni alikasirika. "Watoto nitawaambia nini?" Nikamtumia ile picha na sauti ya mama. Sasa shajara imeandikwa: mkata mikoko, Lamu. Chini yake yako majina matano ya miti.

Kama nawe uko mbali na wazee wako, usingoje likizo. Piga simu wiki hii. Usiulize majina tu, uliza kazi: walikula nini, walilipwaje, walikaa wapi jioni. Rekodi sauti kwa idhini yao. Tafuta cheti cha ndoa cha kadhi na hati ya nyumba, kama zipo. Na mzee akisema "hili liache," liache, umpigie tena siku nyingine.

Mama sasa hunipigia mwenyewe kila Ijumaa. Wiki iliyopita alinipa jina la jahazi.