Pakua Mbarara, Usikilize Nakivale

Anayetoka Mbarara kurudi makazi ya wakimbizi ya Nakivale ana orodha yake: sabuni, mafuta ya kupikia, betri ya tochi. Mimi ningeongeza vipindi vya kusikiliza. Mjini mtandao una kasi, na sauti hailambi bando kama video. Kipindi cha nusu saa kilichobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hakizidi megabaiti 15. Ubanaji wenyewe unatumia udhaifu wa sikio: sauti kubwa huifunika ndogo inayokaribiana nayo kwa masafa ya mawimbi, basi programu inaitupa hiyo ndogo na msikilizaji hahisi pengo. Uganda ilipoweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data Julai 2021, kila megabaiti ilizidi kuhesabiwa.

Upakue nini sasa? Chaguo langu la kwanza ni Noa Bongo, Jenga Maisha Yako ya DW, iliyoanza mwaka 2008. Ni michezo ya kuigiza iliyolenga vijana. Afya, shule, kompyuta, vyote vinapita vinywani mwa wahusika wanaogombana na kudanganyana. RFI Kiswahili nayo ina Siha Njema, ya afya, na Mazingira Leo, Dunia Yako Kesho. Hivi viwili vinamfaa zaidi mtu aliyekwisha kuwa na swali lake. Ukivisikiliza huku unapalilia maharage, nusu itakupita. Mchezo wa kuigiza ukikupita kidogo utamuuliza jirani nini kilitokea.

Nguvu hiyo ya hadithi imeshapimwa, tena si mbali na hapa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njiani kote. Mkewe, Tunu, akachoka, akamwacha na kuanza kujitegemea. Mkazi wa Lyantonde, mji wa kulaza malori katika barabara ya Masaka kwenda Mbarara, asingehitaji kuelezwa Mkwaju ni mtu wa namna gani. Watafiti, akiwemo Everett Rogers, walipata bahati iliyopangwa: mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo hadi 1995. Kwingineko matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda huku Dodoma ikibaki nyuma, na mchezo ulipofika Dodoma, huko nako yakapanda.

Utunzi wa aina hii una asili yake Mexico, kwa Miguel Sabido, aliyeegemea nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura kwamba mtu hujifunza kwa kumwona mwenzake akitenda na kuyaona yanayompata. Kwa hiyo anayebeba somo si mwema wala mwovu. Ni yule wa katikati anayesitasita, kama Tunu.

Rwanda ikaja na Musekeweya mwaka 2004, mchezo wa shirika la La Benevolencija kuhusu vijiji vinavyohasimiana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliyafuatilia makundi ya wasikilizaji mwaka mzima, mengine yakisikiliza mchezo wa afya. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2009, yanashangaza: imani za mtu binafsi hazikusogea sana. Kilichosogea ni jinsi watu walivyoona jambo gani linakubalika katika jamii yao. Mwishoni kila kundi likapewa redio na kaseti za kutumia kwa pamoja. Wale wa mchezo wa afya waliafikiana upesi kumkabidhi kiongozi wa mtaa. Wa Musekeweya walibishana kwanza, wakaelekea kuvisimamia wenyewe.

Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanachota maji pamoja. Unaweza kutamani kuwakusanya wote, uwashe spika, kisha waambiwe wajadiliane. Taratibu! Paluck huyohuyo alifanya jaribio mashariki mwa Kongo kwa mchezo uitwao Kumbuka Kesho. Baadhi ya maeneo yalipata mchezo peke yake. Mengine yaliongezewa kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane. Katika ripoti ya 2010, hao walioongezewa walijadiliana zaidi kweli, lakini uvumilivu wao ulikuwa mdogo zaidi na manung'uniko ya zamani yaliwajaa. Walipoombwa watoe sehemu ya chumvi waliyopewa kwa jamii wasiyoipenda, walikuwa wazito kuliko wenzao.

Sisemi watu wanyamaze. Noa Bongo ningeiweka saluni, au kwa mwenye kibanda cha kuchaji simu, penye watu wa kila taifa na mikono yenye kazi. Siha Njema ibaki ya visikizi. Vipindi vya kubishania siasa za Kinshasa na Kigali, ambavyo, tuseme ukweli, ndivyo vitamu kuliko vyote, ningewaachia watu wanaokopeshana hela, na hata hao ningewawekea mtu wa kugawa zamu za kusema.