Je, "Mimi" Anakaa Wapi?

Hebu jaribu kusema neno "mimi". Bila shaka umejigusa kifuani. Kumbe huyo "mimi" hutegemea sana ubongo, hasa sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo hutusaidia kupanga mambo, kujizuia na kupima matokeo kabla ya kutenda. Nayo ni miongoni mwa zile zinazochelewa zaidi kukomaa, mpaka mtu apite miaka ishirini na kitu. (Lakini usijitetee hivyo kwa mwalimu wa zamu ukichelewa getini!)

Kisa cha Phineas Gage ndicho kilichonifungua macho. Alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli huko Vermont, Marekani, kijana wa miaka 25. Tarehe 13 Septemba 1848 alikuwa akishindilia baruti ndani ya mwamba, ikalipuka. Mtaimbo wake, wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi, ukaingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Ajabu ni kwamba baada ya dakika chache alikuwa anaongea! Jicho la kushoto lilipofuka lakini yeye akapona. Ila daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba yule mchapa kazi mwenye akili tulivu sasa alikuwa na matusi, hana subira, anapanga jambo na kuliacha. Marafiki wakasema huyu si Gage tena.

Hapo nilifunga kitabu kwanza. Kaka yangu ana miaka 23. Mwaka jana alianguka kwenye mjengo, akaumia kichwa. Aliporudi nyumbani alikuwa anafoka kwa sababu ya chumvi tu. Majirani ati amerogwa. Mama akilia, "Huyu si mwanangu."

Nilipoendelea kusoma nikaona Gage alikwenda Chile mwaka 1852, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa. Hiyo ni kazi ya kudamka, kushika saa na kuvumilia abiria. Wataalamu wengine huona kwamba utaratibu wa kila siku ulimsaidia kujirudia. Alifariki mwaka 1860.

Jioni nilimweleza Mama yote. Sasa kila asubuhi kaka anachota maji, halafu analisha kuku, mpangilio ni ule ule. Bado hufoka. Lakini juzi nikitoka shule aliniita kwa jina la utani alilonipa nikiwa darasa la kwanza.